Mdogo Wangu Alikufa Shujaa, Lakini Swali Lake Nililificha

Mpendwa mshauri, Mama Joselyne, naomba msaada wako kabla sijampoteza na baba baada ya kumpoteza mdogo wangu. Mimi ni fundi cherehani wa Biryogo, nina miaka thelathini na sita, ukiniita Shakira inatosha, na mdogo wangu Ilyasi alikuwa askari, koplo, akafa vitani miezi mitatu iliyopita katika nchi ya watu ambayo sitaitaja kwa sababu wenzake bado wako huko na mama zao wanasoma gazeti hili.

Mwili wake ulirudi umefunikwa bendera, akazikwa kwa mizinga na kwa dua, maafisa wakampigia saluti, na Baba, Mzee Usumani, ambaye ana miaka sabini na moja na magoti yamekwisha, alisimama wima tangu mwanzo mpaka mwisho akakataa kiti. Mimi nililia lakini nakuambia kweli, mama, ndani ya kile kilio kulikuwa na fahari ambayo sijawahi kuisikia maishani, hata siku niliyoolewa, hata siku nilizojifungua.

Wiki mbili baada ya mazishi akaja dukani kijana mmoja kwa magongo, mguu wa kushoto haupo, ametoka Rebero, akasema anaitwa Munyaneza na alikuwa kikosi kimoja na Ilyasi. Nikamvutia kiti, akakataa chai, akataka kusema kwanza.

"Dada, mimi niko hai sababu ya ndugu yako," akaniambia. "Tulishambuliwa pale kilimani, tukapewa amri ya kurudi nyuma. Mimi mguu ulikuwa umeshakwenda. Ilyasi akanibeba mgongoni mpaka kwenye lori. Akarudi, akamleta mwingine. Afande akapiga kelele, Ilyasi panda gari! Akasema, bado mmoja. Akarudi mara ya tatu. Hiyo mara ya tatu hakuna mtu alimtuma, dada. Nataka ujue hivyo. Hakuna mtu alimtuma."

Tukalia wote wawili mbele ya wateja. Halafu nikamuuliza lile ambalo lilikuwa linanikaba, nikamwambia, kaka, pale kilimani mlikuwa mnalinda nini? Akasema, "Sisi tulikuwa na amri. Maelezo hatukuwa nayo."

Sasa nikueleze kwa nini nilimuuliza, na hapa ndipo penye dhambi yangu. Siku tisa kabla ya kufa kwake Ilyasi alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, ninao mpaka leo, anasema: "Dada Shakira, tuliambiwa tumekuja kulinda watu wa kijiji. Watu wamekimbia wote, kijiji kimebaki na mbuzi wawili na paka. Lakini tumeambiwa kilima kisiachwe. Niulizie Baba, yeye ameshona nguo za wakubwa miaka yote, anajua wanavyofikiri. Kilima hiki kina nini?" Na anacheka kidogo, lakini namjua, hakikuwa kicheko.

Mimi sikumuulizia. Baba ana presha, na kila Ijumaa alikuwa anatembea msikitini kama bwana harusi, "mwanangu yuko anawatetea wanyonge," nikasema nikimpelekea swali hili nitamvunja. Nikamjibu Ilyasi kwa maneno matupu, "Usijali, tunakuombea," basi, akafa hajajibiwa.

Siku ya hitima ya arobaini nyumba ilijaa, maafisa wawili walikuja kutoka makao makuu ya jeshi Kimihurura, majirani mpaka barabarani, na Baba akasimama akasema maneno mazuri sana, akamaliza kwa kusema, "Mwanangu alijua anakufa kwa ajili ya nini." Mama Joselyne, sijui nani aliniinua. Nilijikuta nimesimama katikati ya wanawake nasema kwa sauti, "Baba, hakujua. Aliuliza, na hakuna aliyemjibu."

Maafisa wakainamisha vichwa, mmoja wao nilimwona anafuta macho, lakini shangazi yangu alinishika mkono akaninong'oneza, "Umemuua mara ya pili." Tangu siku ile Baba anakula chakula ninachompelekea na kurudisha sahani kwa mjukuu, mimi hanitazami.

Na sasa shule aliyosoma Ilyasi hapa Nyamirambo wanataka kukipa chumba cha kusomea jina lake, Ijumaa ijayo, na mwalimu mkuu ameniomba nizungumze na wanafunzi kwa niaba ya familia. Baba akanitumia salamu kupitia kwa shangazi: nikisema tena maneno yale, nisimwite baba. Nikienda nikasema alikufa akijua kila kitu nitakuwa mwongo mbele ya watoto ambao kesho na wao watavaa zile nguo za jeshi, nikisema ukweli nampoteza mzazi, nisipokwenda nani atawaambia kwamba alirudi mara tatu? Na shangazi anasema ukihoji vita unamtemea mate aliyekufa humo. Ni kweli, mama? Maana mimi najivunia yule kijana mpaka kifua kinauma, na bado nauliza.

Shakira, Biryogo

MAMA JOSELYNE ANAJIBU

Shakira mwanangu, pole. Barua yako ilinifikia Jumatatu, na kwa kuwa gazeti hutoka Alhamisi, siku moja tu kabla ya Ijumaa yako, nilikupigia simu siku ileile. Niliyokuambia nayaandika hapa kwa idhini yako, maana nyumba zenye picha ya askari ukutani ni nyingi, na wengi wanauliza unachouliza wewe kwa sauti ya chini.

Kwanza shangazi yako. Amekosea, na umwambie nimesema mimi. Aliyetuma na aliyetumwa si mtu mmoja. Ushujaa wa Ilyasi ni wake, aliupata kwa mgongo wake mwenyewe akiwa amembeba Munyaneza, na hata ikija kujulikana kwamba kile kilima hakikuwa na thamani ya punje moja ya mtama, hakuna anayeweza kumpunguzia hatua hata moja katika zile alizorudi. Sababu za vita wataulizwa walioziamua. Mimi kaka yangu Audace alikwenda vitani nikiwa na miaka kumi na miwili, tukiishi Bujumbura, hakurudi, na mama yangu alimwombea misa kila mwaka akiwa amevaa kitenge chake kizuri kuliko vyote. Akitoka kanisani anasema, "Alikuwa jasiri. Na siku moja mtu ataniambia kwa nini waliwapeleka kwenye lile bonde." Vyote viwili kinywa kimoja. Sikuwahi kumwona akimtemea mtu mate.

Sasa wewe. Usifikiri nitakupaka mafuta tu. Swali lilikuwa zuri, lakini halikuwa lako! Ilyasi alisema aulizwe nani? Alisema "niulizie Baba." Lilikuwa swali la mtoto kwa baba yake, wewe ukalikalia siku tisa, ukalikalia siku arobaini nyingine, halafu ukaja kumpiga nalo mzee mbele ya mtaa mzima na maafisa, akiwa amesimama kwa magoti yale. Ulisema unamlinda na presha. Ulikuwa unajilinda wewe. Na kilichokuuma siku ile ya hitima hakikuwa uongo wa Baba, kwa sababu Baba hakusema uongo. Alisema alichokijua. Ni wewe uliyehakikisha hajui zaidi.

Ulilia kwenye simu niliposema hivyo, nami nikakuacha ulie. Kisha nikakutuma: nenda kwa baba yako kesho baada ya Alasiri, peke yako, bila shangazi, usianze na hoja. Omba radhi kwa kumficha, mpe simu, sauti ya mwanawe imfikie.

Jana ulinipigia ukanieleza. Alisikiliza mara ya kwanza akiwa amekupa kisogo. Akataka tena. Mara ya nne akageuka akasema, "Mbona hukuniletea akiwa hai?" Ukamwambia uliogopa. "Ningemjibu," akasema. Ukamuuliza angemjibu nini, na yule mzee aliyewashonea wakubwa suti miaka arobaini akasema, "Ningemwambia, mwanangu, sijui. Ningemwambia na mimi nauliza. Angalau tungekuwa wawili." Halafu akakushika kichwa akakusomea dua, ndiyo mara ya kwanza kukugusa tangu hitima.

Na akasema Ijumaa atakwenda shuleni yeye, atazungumza yeye, na atawaambia watoto yote mawili, ushujaa wa mwanawe na swali lake. Ukaniuliza, "Mama, nimzuie? Maafisa watakuwepo." Ndiyo maana naandika jibu hili.

Usimzuie. Mpigie pasi kanzu nyeupe, mtafutie gari, miguu ile isipande mlima wa kwenda shuleni. Mwalike Munyaneza, akae upande wa familia, kwa sababu sasa ni wa familia, na yeye ndiye awaeleze wanafunzi habari ya zile safari tatu, kwa Kiswahili chake au kwa Kinyarwanda, vyovyote atakavyoweza. Maafisa wapokeeni kwa heshima. Yule aliyefuta macho huenda ana swali lake. Asitukanwe mtu. Anayeuliza kwa adabu hana haja ya kupiga kelele.

Baba akisimama, wewe kaa mstari wa mbele mahali atakapokuona. Atafika kwenye lile swali na sauti itamkwama, nakuhakikishia, nami nimemwona mama yangu. Hapo utatamani kuinuka umsaidie, useme neno la kishujaa watu wapige makofi, yaishe. Kaa chini, Shakira. Mwache anyamaze mbele ya watoto wale kwa muda wowote anaoutaka, wamwone mzee mwenye fahari asiye na jibu, na usimtungie.