Kinywaji cha Walioshindwa

Saskatoon, 24 Februari 1987

Baba mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima wa mwili tu. Moyo ndio mgonjwa.

Simu unanikatia, basi naandika. Tangu fainali ya klabu, ya mchezo wetu wa kutelezesha mawe barafuni, sili nikashiba. Jiwe lenu la mwisho lilikuwa linateleza kuelekea katikati ya duara, ubingwa wenu kabisa. Ukawa unalifagilia barafu mbele yake lifike mbali, goti likakuangusha, mguu ukaligusa. Hakuna aliyeona, Baba! Ukainua mkono mwenyewe: "Nimeligusa." Mimi ndiye kepteni wa upande wa pili, kwa kanuni uamuzi ukawa wangu: libaki au liondolewe. Nikasema liondolewe. Jiwe la baba yangu mzazi! Nisamehe.

Ni mimi binti yako,
Verna

Dunrossie, 9 Machi 1987

Binti yangu,

Marahaba. Sijambo, ila goti halisikii dawa.

Ebo! Unalilia jiwe? Ningekuwa wewe ningeliondoa, tena kwa teke. Ungeliacha kwa kunionea huruma, ningekukana mbele ya klabu nzima.

Kilichonichoma ni kingine. Mshindi huketi na aliyeshindwa, akamnunulia kinywaji, wakataniana. Nilikufundisha hilo kabla hujaweza kuinua ufagio. Wenzako watatu walikuja mezani. Kepteni wao akabeba kikombe cha ubingwa akatoka kwa mlango wa nyuma! Nilitamani barafu ipasuke inimeze. Mzee Wasyl, mwenzangu wa timu wa miaka yote, akakushikia kiti. Kila aliyetaka kukaa alimfukuza: "We, toka! Verna ananawa uso, anakuja." Akangoja mpaka akina mama wa jikoni wakafunga.

Njoo uketi naye kwanza. Mimi ni baba yako, siendi popote.

Baba

Saskatoon, 21 Aprili 1987

Baba,

Shikamoo. Hali yako? Ya Mzee Wasyl je?

Najua nimekaa kimya mno. Chupa ya wiski nimeshamnunulia, ile anayoipenda. Ila aibu, Baba! Siku ile niliona nikiketi mbele yenu nitalia kama mtoto, nikakimbia. Sasa kila Jumamosi naendesha mpaka kituo cha mafuta hapo nje ya Dunrossie, nakunywa kahawa, nageuza gari. Jumamosi ya wiki ijayo nitakuja, liwalo na liwe. Mwambie.

Binti yako,
Verna

Dunrossie, 24 Aprili 1987

Verna,

Salamu tutapeana ukifika.

Barua yako nimeikuta nikitoka makaburini. Wasyl amefariki usingizini, moyo umesimama. Leo tumemzika. Sisi wa klabu tulijipanga pande mbili mlangoni mwa kanisa, tukainua fagio, jeneza likapita chini yake. Nafasi moja ilibaki wazi upande wangu. Watu waliniuliza yuko wapi kepteni.

Wiki iliyopita alikuja kunisaidia kubeba mbegu. Akaniuliza, "Hivi yule mtoto anakuja lini?" Nikamwambia una kazi nyingi mjini. Akacheka: "Mwambie nina kiu." Sikukwambia. Nilitaka uje kwa miguu yako mwenyewe, si kwa kusukumwa. Kiburi changu hicho, binti yangu, nacho kinanitafuna.

Njoo hiyo Jumamosi, na chupa uje nayo. Mjane wake hanywi, lakini nimemwambia unakuja kuketi. Nitakufikisha mlangoni kwake. Kuingia utaingia mwenyewe.

Baba yako