Paja Lililokandwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Anjela Godlisten. Umri: miaka 21. Dini: Mkristo. Kazi: najitolea zahanati, nasubiri kuomba chuo cha uuguzi. Makazi: Nguvumali, Tanga.

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nimeonywa kusema kweli, nami nasema kama nilivyoona.

Pale zahanati tunajitolea wawili, mimi na Shahd Muntasir. Mimi nilitangulia, nikakabidhiwa ufagio na mizani ya watoto. Yeye alikuja baadaye, ananukia udi, na wiki hiyohiyo akawekwa kwenye meza ya chanjo, akiwaelekeza wazazi. Kina mama wanamwita dokta. Mimi wananiita "wewe wa mizani". Mganga mfawidhi alituambia atampendekeza mmoja tu chuoni, na macho yake yalikuwa kwa Shahd. Kutangulia si kufika, najua, ila iliniuma na bado inaniuma.

Mnamo tarehe 20 Mei 2025, majira ya saa nne asubuhi, Bi Shariffa alimleta mjukuu wake. Nesi alimchoma mtoto chanjo pajani, akaingia ndani. Shahd akamwambia, "Bibi, paja msilikande. Si kwa maji ya moto wala kwa mafuta." Bi Shariffa akajibu, "Mwanangu, hujazaa bado, utanifunza mie kukanda?" Shahd akacheka, akarudia yaleyale kwa adabu. Nilikuwa hapo karibu, namshusha mtoto mwingine kwenye mizani.

Kesho yake mtoto alirudishwa, paja limebabuka kwa mafuta ya nazi ya moto. Bi Shariffa alisema yule binti ndiye aliyemwagiza akande. Mganga mfawidhi akamsimamisha Shahd hapohapo, akaniweka mimi pale mezani. Nilifurahi, afande, sitaficha. Jana mama mmoja kaniita dokta.

Nimeulizwa kama Shahd alimwagiza bibi akande. Hakumwagiza. Alimkataza mara mbili, na aliyesikia ni mimi peke yangu. Nimeulizwa tena kama nina hakika. Ninayo, na ningefurahi kama nisingekuwa nayo.

Sina la kuongeza wala kupunguza. Haya ni yangu, nimeyasema kwa hiari.

Sahihi: A. Godlisten

Mimi, Koplo Uweso, nimemsomea shahidi maelezo haya, akakiri ni sahihi, akatia saini mbele yangu. Ameomba Shahd asiambiwe ni nani aliyemtetea, asije akaenda kumshukuru.