Tawi Ulilonikataza Kulikata

Mpendwa mama mkwe,

Kwa barua hii hakuna mtu katikati yetu. Miaka yote heshima ya ukwe wa kwenu ilituweka mbali: hatushikani mkono, hatuangaliani usoni, na neno lako kwangu lazima lipitie kwa Nekesa, mke wangu, hata nikiwa nimesimama hapo hapo. Mimi, dereva wa lori, niliyechekesha askari wa mipaka yote mpaka wakasahau kunipekua, kwako Sirisia nilikuwa bubu.

Unakumbuka rasiberi, kile kichaka cha miiba na matunda madogo mekundu? Ile uliyotoa shamba la mzungu huku Kitale ukiwa msichana wa kuchuma kahawa, ikajaa nyuma ya jiko lako. Nilijigamba nitaipanda kwangu Tuwan, hapa Kitale, mpaka mtaa mzima ule jemu. Nikakata tawi, nikalidunga kwa udongo. Likakauka. Nikarudi kwako na panga kuchukua lingine.

"Nekesa," ukasema, macho kwa kuku, "mwambie bwana yako aweke panga chini. Ati hii ni nyasi ya nepia ya ng'ombe?"

"Mama anasema..."

"Si nimesikia, bana!" nikamkatiza. "Mwambie anifundishe basi."

"Mwambie ainamishe tawi likiwa bado kwa mama yake. Ncha aizike, aweke jiwe juu. Likishika mizizi, ndio akate. Na aache haraka, hii si lori."

Nekesa alicheka mpaka akakaa chini. Nikainamisha ncha ndani ya mkebe wa mafuta uliojaa udongo, nikaweka jiwe, nikaiacha hapo ishike.

Kabla nirudi kuichukua, ukaenda wewe.

Vijana waliosafisha boma ili hema za matanga zisimame walifyeka rasiberi yote. Hawakujua. Mkebe niliukuta chini ya sufuria, tawi limekatwa, na sikujua kama lilikuwa limeshika. Watu walilia, mama. Mimi nilibeba viti. Nilisubiri machozi kama mtu anayesubiri mguu uliokufa ganzi uamke, na mpaka leo haujaamka. Hata utani wangu natoa tu kwa mazoea.

Mkebe nikauleta Tuwan. Majani yakaanguka yote. Nekesa akawa anaumwagilia maji kila asubuhi, na mimi nikawa naogopa kumwambia tunamwagilia kijiti.

Leo asubuhi nilivuta kijiti kidogo tu. Kikakataa kutoka. Chini yake kuna jicho la kijani limechomoza.

Nilitaka kukuambia mwenyewe, mdomo ukagoma. Nikamwita Nekesa.

"Mwambie mama yako imeshika."

Akachuchumaa karibu na mkebe. "Mama, anasema imeshika." Akainamisha sikio kama anayesikiliza, halafu akanigeukia.

"Anasema uache kuivuta."

Nimeacha, mama. Lala salama.

Mkwe wako wa Kitale