Gitaa Jembamba la Mvule

Mpendwa kaka Mwita,

Kwanza ujue unaandikiwa na mtu mkubwa. Kuanzia Sirari mpaka Mugumu hakuna kidole kinachogusa waya kama changu. Juzi nilipiga gitaa pale Nkende, nje ya kibanda cha fundi redio, na mwalimu aliyenifukuza darasa la tano alicheza mpaka kiatu kikamtoka. Wasichana watatu wakazimia. Haya, mmoja, na alikuwa na malaria. Lakini aliangukia upande wangu.

Najua ungesonya, kisha useme, "Mura, kijana wewe, mdomo wako ungekuwa jembe, tungeshalima mpaka Kenya." Sema basi. Siku hizi hakuna anayenisema. Nyumba imekuwa kimya hata mchwa nawasikia wakila paa.

Unakumbuka jinsi gitaa lilivyoanza? Ile siku bendi ilipokuja Tarime na jenereta yao, tukasimama jua zima, wewe mdomo wazi kama ndama aliyeonyeshwa chumvi. Tulipokuwa tunarudi nikakuambia nitatengeneza la kwangu, la umeme hasa. Ukacheka. "Wewe? Mpini wa jembe wenyewe umekushinda." Lakini kesho yake ulinipa dainamo ya baiskeli yako ukijifanya imekufa, nifumue waya wake mwembamba niuzungushe kwenye sumaku ya spika ya redio, nipate kile kidude cha kukamata sauti. Dainamo ilikuwa nzima. Nilijua. Miezi yote ile uliendesha baiskeli bila taa, ukasema macho yako ni ya paka. Nyuzi nazo tulizipata kwa kufumua waya wa breki. Nadhani baiskeli ile ilibaki na kengele tu.

Shida ikawa mbao. Nilianza na mkaratusi kwa sababu ni wa bure, umejaa nyuma ya shule. Nikauchonga ungali mbichi, nikautundika jikoni ukauke. Baada ya wiki mbili shingo ilikuwa imepinda kama mzee mwenye ugonjwa wa kiuno, na katikati ufa wa kuingiza kidole. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Nikajaribu mbao za sanduku la chai. Nilipokaza nyuzi, mbao zikabanduka tabaka kwa tabaka kama chapati. Nikaazima ubao wa dawati la shule bila kuaga. Mwalimu aliurudisha, na risiti akaniandikia mgongoni.

Ndipo nikaenda Nkende kwa fundi Rashidi, yule mzee wa kofia anayetengeneza vitanda. Akagonga mbao zake moja moja kwa kifundo cha kidole. "Sikia. Hii inajibu. Hii imenuna. Wewe unataka mvule mkavu, kijana. Si wa juzi. Uliokaa miaka mpaka umesahau maji."

Nikauliza bei. Alipoitaja nikamwuliza kama kwa bei hiyo anaongeza na mke. Akaniinulia randa. Lakini nilipofika mlangoni akaniita, "Njoo na mti wako mwenyewe, nitakupasulia bure. Nataka nione kama mdomo huo una mikono."

Baadaye nikaja nyumbani na gitaa lililokwisha kuchongwa, shingo na mwili kipande kimoja, jembamba, halina tumbo, kama mbuzi wa kiangazi. Ukauliza mbao nimepata wapi. Nikakuambia ni boriti ya ghala bovu, fundi Rashidi kanipa kwa kumfagilia karakana mwezi mzima. Ukaligonga kwa kidole, ukatikisa kichwa. "Hii kweli mbao," ukasema. Ukaniamini. Ulikuwa na tabia hiyo mbaya.

Tulipoliunganisha na redio ya zamani na betri ya gari, sauti ilitoka kuku wakaruka ua. Ukanishika shingo kwa mkono wako ule mzito, ukasema, "Utanipigia harusini kwangu. Usipopiga, nakuoza wewe kwa yule mjane wa kwenye mashine ya kusaga." Harusi yako ilikuwa imekaribia. Ng'ombe wa mahari ya dada Bhoke walikuwa wamefika, wamejaa bomani, na ndio waliokuwa wakulipie mahari wewe. Bhoke alikuwa akisimama langoni kuwaangalia na kusema, "Hawa ni mimi. Mwita, uniangalie vizuri." Alikuwa anatania, ila hakuwa anatania.

Sasa niseme lile lango. Unalijua kuliko mimi, lakini acha niliseme.

Tulipohamishwa kuletwa kijiji kipya, tukapangwa mistari mistari kama mahindi, watu walibeba milango na mabati. Baba alibeba miti mitatu ya lango la boma aliyoichonga babu, ile inayolazwa kati ya nguzo kila jioni kuzuia ng'ombe. Mwenyekiti akamwambia kijijini kuna miti mingine. Baba akajibu, "Hii inanijua." Jioni zote aliifunga mwenyewe, hata macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Aliipapasa, akaisukuma, wa chini, wa kati, wa juu. Na kila mgeni alilazimishwa kuweka kidole kwenye lile kovu la mti wa kati, mahali wezi walipoupiga shoka zamani, sisi tungali watoto. Walipiga mpaka wakachoka. Mti ukakataa, watu wakaamka.

Wezi walipokuja safari hii, alfajiri, mti wa kati haukukataa. Pigo moja. Nilisikia ukivunjika, sauti kavu, kama muwa. Tulipotoka boma lilikuwa tupu na mavi yalikuwa bado yanatoa mvuke. Yowe likapigwa, wanaume wakashika nyayo. Wewe hukuvaa hata viatu. Nikakukimbilia, ukageuka ukaniambia, "Wewe baki na baba, mwanamuziki. Vidole hivyo tunavihitaji." Ukacheka. Ulicheka, kaka, na mkuki mkononi.

Siku ya tatu walikurudisha juu ya ngozi ya ng'ombe. Ng'ombe hawakurudi. Mshale ulikuwa chini ya mbavu. Walisema ulikufa haraka, na mimi nikaona jinsi midomo yako ilivyokuwa imepasuka kwa kiu, nikajua wamesema hivyo kwa ajili ya mama.

Tangu hapo baba amejitwika jambo lako. Kwenye kikao alisimama mbele ya wazee wote akasema, "Mwanangu nimemuua mimi. Mti ule ulikuwa umezeeka, nikaona uvivu kuubadilisha." Hakuna aliyembishia. Mama hambishii pia, na hilo ni baya zaidi. Bhoke hajaja tangu tulipokuzika. Baba hafungi tena lango. Hakuna cha kufungia, lakini jioni anatoka, anasimama pale kati ya nguzo, mikono inaning'inia.

Mwezi uliopita alinishangaza. Aliniita, "Mura, lete hicho kitu chako." Nikafikiri anataka nimpigie. Akakipokea, akakilaza magotini, akakigeuza mgongo. Mgongoni sikuwa nimepiga randa. Nilimwambia fundi Rashidi apaache hivyo hivyo, mbao isipungue sauti. Baba akapapasa. Kiganja kikaenda taratibu kutoka shingoni, kikashuka, kisha kidole gumba kikaingia mahali kikasimama. Kilikaa humo muda mrefu, kaka. Mimi nilikuwa naangalia miguu yangu.

"Mbao nzuri," akasema. "Huyo Rashidi aliipata wapi?"

"Sijui, baba."

"Hm." Akanirudishia.

Jumapili iliyofuata jirani alikuja kutupa pole, na baba akamweleza tena, vile vile, neno kwa neno: mti ulikuwa umezeeka, yeye alikuwa mvivu. Nilikuwa nimekaa pale pale. Hakunitazama hata mara moja.

Nimeandika kurasa zote hizi nikijisifu na kuzungusha maneno, maana ndicho ninachokijua. Mwandiko umeharibika, utanisamehe. Utakuwa umeshajua. Ulikuwa na akili kunishinda, ila ulinipenda na hilo likakufanya mjinga.

Baba alikuwa amekwenda Tarime siku mbili kutazamwa macho. Wewe ulikuwa malishoni. Niliutoa mti wa kati, ule mvule wa babu, nikauficha ili nimpelekee Rashidi, nikaweka mkaratusi mbichi wa unene ule ule, nikaupaka mavi na majivu ili mkono usiujue. Mkaratusi, kaka, ambao mimi na wewe tuliuona ukipasuka jikoni. Nilijiambia ni kwa mwezi mmoja tu, nitatafuta mwingine.

Lakini hata hilo lingerekebishika. Baba aliporudi jioni ile alikwenda moja kwa moja kufunga lango. Akasukuma wa chini. Akashika wa kati, akasimama. "Mura, mbona mti huu leo mzito?" Aliuliza taratibu tu. Ningesema pale pale, angenichapa, angeurudisha wa babu, na leo ungekuwa na mke na watoto wa kuwatania.

Nikamjibu, "Umelowa mvua, baba."

Akausukuma, akafunga.

Siku zote mbili alizokuwa Tarime, mvua haikunyesha.

Lala, kaka. Sikuombi unisamehe.

Ni mimi mdogo wako,
Chacha