Baba, Mto Bado Ni Mchafu

Baba,

Mvua inanyesha hapa mtaani Jamhuri, na Wambui wangu ameenda mazoezi ya kwaya. Nimebaki peke yangu nyumbani, nikaona nikuandikie. Mambo haya ningekueleza kwa mdomo, kama zamani, nikija Waithaka Jumamosi nikukute huko chini mtoni. Siku hizi nikifika namkuta Mama tu jikoni. Bado anamimina kikombe chako cha chai kabla hajakumbuka.

Wambui alibatizwa. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza. Hakubatizwa mtoni, Baba. Walimbatiza kwenye tangi la plastiki nyuma ya kanisa, maji yakaletwa na lori. Alipotoka ameloa chapa, watu wakaimba, nami nikaimba, lakini mawazo yangu yalikuwa mtoni. Tangu mjukuu wako akiwa mdogo ulikuwa ukimshika mkono, ukimwonyesha lile jiwe pana na kumwambia, "Nawe utabatizwa hapa nilipobatizwa mimi." Ulimsimulia vile mlivyoshuka na kanzu nyeupe, maji yakawafika kifuani, na bado mkaweza kuona miguu yenu. Hapo kwa miguu ndipo alikuwa anakataa kukuamini.

Ulipostaafu udereva tulidhani utapumzika. Wewe ukanunua gambuti na reki. Kila Jumamosi ukawa unatoa mtoni nepi, chupa na magunia yaliyooza, unayapanga kando ya njia ili yabebwe. Wapangaji wa pale juu wakakuita Mzee wa Takataka, nawe ukawa unaitika. Wakikuuliza kama kaunti inakulipa, unawajibu, "Mungu aliniweka kwa bustani. Sikumbuki akinifuta kazi." Kisha unacheka mwenyewe.

Halafu ukaliona lile bomba la choo likimwaga mtoni, kutoka kwa nyumba za kupangisha za Mzee Karanja, mzee wa kanisa mwenzako. Ulienda kwake mara mbili. Mara zote mbili ukaambiwa amesafiri, na gari lake limesimama pale pale uani.

Ile Jumapili ya ushuhuda nilikuwa nimeketi karibu na Mama. Ulisimama mbele, ukashika maikrofoni kwa mikono yote miwili, ukasema, "Ndugu zangu, tunaimba hapa habari ya maji ya uzima, tukitoka tunaenda kunya ndani ya maji ya Mungu." Ukamtaja kwa jina. Mama akainamisha kichwa. Mzee Karanja akainuka akatoka, na Pasta akakwambia kwa upole, "Mzee wetu, hiyo maneno ungeleta kwa kamati."

Kamati ilipokaa ikasema upumzike kidogo uzee wa kanisa. Ulihamia benchi la nyuma, Biblia magotini, na hukukosa ibada hata moja. Siku moja tu ndiyo uliniambia, "Maneno yalikuwa ya kweli. Kitu kinaniuma ni vile Karanja alitoka peke yake, na hakuna mtu alimfuata. Hata mimi."

Huko kupumzika hakukuwa na mwisho. Nilikuwa kazini Hurlingham, pale kliniki ya meno, naandika jina la mgonjwa, Mama aliponipigia. Nilimaliza kuliandika lile jina. Sijui kwa nini. Watu walisema ni mto uliokuua. Daktari alisema ni moyo.

Kwenye mazishi Pasta alikuita mzee wa kanisa, zaidi ya mara moja. Nikabaki nikijiuliza walikurudishia cheo hicho lini. Mzee Karanja alikuja, akatupa udongo wake kaburini, akaondoka bila kula.

Baada ya muda nikaenda kwake. Safari hii hakuwa amesafiri. Alinikaribisha, akaagiza chai, akaniambia, "Baba yako aliniaibisha mbele ya watoto wangu. Si angekuja hapa nyumbani tuongee kama wanaume?"

"Alikuja, Mzee. Mara mbili. Uliambia watu waseme umesafiri."

Aliirudisha chai yake mezani. Nami sikumalizia yangu.

Mvua ya masika ilipokuja, mto ukapanda. Yale yaliyokuwa yakishuka na bomba yakarudi juu, yakaingia vyumba vyake vya chini. Wapangaji wakatoa magodoro nje. Mtoto wa mmoja wao akaharisha hadi akalazwa, lakini alipona. Mvua ilipoisha Karanja alichimba shimo la maji taka, akaling'oa bomba, akanipigia simu niende nione. Tulisimama pale ukingoni, yeye na mimi. Akasema, "Nimetoa." Basi. Nikamwambia asante.

Nilidhani nitafurahi, Baba. Nilipanda hadi kwa kaburi lako nikalia kwa hasira. Lilikuwa bomba tu. Mafundi walilitoa kwa siku moja. Si angelitoa ukiwa hapa, ukaona? Ukarudi kuketi mahali pako?

Na mto bado ni mchafu. Nisikudanganye. Ukifuata maji kwenda juu kuna mabomba mengine, ya watu tusiowajua. Pasta ameanza kuombea mto Jumapili, na watu wanaitikia amina kwa sauti. Jumamosi tunakuwa mimi na Wambui. Mara nyingine navuta reki na kujiuliza kama Mungu anauona huu mto vile ulivyouona wewe, kazi ya mikono yake, au kama ametuachia sisi na uchafu wetu. Sijapata jibu. Naomba, halafu naendelea kuvuta.

Juzi nilimwambia Mama kwamba Jumamosi hii nitaenda nyumba ya kwanza kule juu, yenye geti la kijani, nibishe hodi. Unajua tangu ile Jumapili ya ushuhuda hakutaka kabisa kusikia habari ya mto. Alikuwa anachagua mchele. Akasema bila kuinua macho, "Tutaenda wote. Mimi ndiye nitaongea. Wewe una hasira ya baba yako."

Kwa hivyo tutaenda, Baba. Siwezi kukuahidi maji safi, hayo hayako mikononi mwangu. Nakuahidi kwamba tutabisha, na tukiambiwa wenyewe wamesafiri, tutarudi wiki ijayo, na ile nyingine.

Lala salama, Baba. Tutaonana kwake aliyetuumba.

Binti yako,
Nyambura