Mama, Eliamu Si Mtu

Mpendwa mama,

Shikamoo. Nimechelewa kukwambia neno hili, tena nimechelewa vibaya: Eliamu si mtu.

Siku ile nilipokupigia kutoka huku ughaibuni, uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Nikasema, "Mama, kutwa nzima niko na heliamu." Simu ilikuwa inakwaruza, na kwetu Iramba kila nyumba ina Eli wake: Elibariki, Elisante, Eliamu. Ukapiga kigelegele mpaka nikaondoa simu sikioni.

"Eliamu! Basi ni wa kwetu huyo! Mpole?"

"Ametulia sana, mama."

Ningekusahihisha palepale. Lakini miaka mingi sikuwa nimekusikia ukifurahi hivyo kwa ajili yangu, roho ikasita. Jumapili iliyofuata ukaniambia umeshamtengea jogoo. Loo!

Kumbe Eliamu wangu ni gesi, mama, ileile inayojazwa kwenye maputo ya sherehe. Tunaipoza hadi inakuwa kimiminika chenye baridi ambayo mbele yake hata barafu ni moto. Mwanzoni kinachemka kwa mapovu kama uji wako wa uwele. Tukizidi kukipoza, ghafla kinatulia, povu hata moja hakuna. Si kwamba joto limeisha. Linapita humo kwa wepesi wa ajabu, linakwenda kwa mawimbi kama sauti inavyosafiri, wala halirundikani mahali pamoja likatoa povu. Mimi kazi yangu ni kupima mwendo wake.

Hayo yote nilikusimulia kwenye simu kana kwamba ni tabia za mtu. "Leo Eliamu amegoma kutulia." Nawe ukanijibu, "Mpe muda mwanangu, wanaume ndivyo walivyo." Nilicheka hadi machozi, halafu nikaona aibu, maana nilikuwa nakudanganya mama yangu mzazi.

Nilikuja nyumbani Ulemo kukuzika. Mama mdogo akanivuta jikoni, nikajua ataniuliza mkwe yuko wapi. Kabla hajafungua mdomo nikaanza kulia, nikamweleza ukweli wote. Akaniambia:

"Dada alijua. Mwalimu wa sekondari alimwambia zamani kwamba hiyo ni gesi. Mimi nikamwambia, si umwambie mtoto kwamba umeshajua? Akasema, 'Nyamaza wewe. Huyu nikimuuliza hali yake, anasema sijambo, basi. Nikimuuliza habari za Eliamu, ndipo anaongea.'"

Ee mama! Nimekukumbuka mpaka sijui moyo niuweke wapi. Natamani ungenipigia leo ukaniuliza chochote, hata kwa kunitega. Huku watu ni wema, sikatai. Wananiuliza hali, najibu sijambo, nao wananiamini.

Pumzika, mama yangu.

Mwanao, kitinda mimba wako