Paa la Mama Akinyi

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika, njia ya nje ni matope matupu, na mabega yangu yanauma tangu jana. Ninaandika kwa kidole gumba kimoja kwa sababu kile kingine kimevimba. Ningelala, lakini nikilala kabla ya kuandika, haya yatapungua.

Nimeona kitu.

Mnaosoma blogu hii mnajua mimi ni mtu wa mjengo. Nilitoka Butula bila kumaliza shule, nikaja Nakuru kuchanganya simiti, na sijawahi kujiona kama mtu wa kuangalia picha. Wiki hii fundi wetu hakuwa na kazi, kwa hivyo akanipeleka kwa kikundi cha wachoraji waliokodi godauni la zamani karibu na reli. Walitaka mtu wa kupaka kuta chokaa, kupiga misumari na kubeba vizito, maana Jumamosi wangefungulia watu milango. Wao huchora wanyama, ndege, mimea na wadudu. Nilidhani ni wale wa kuchora twiga na machweo, wauzie watalii.

Sivyo kabisa.

Kuna Bwana Jasbir, Singasinga mwenye gereji, ambaye huchora wadudu tu. Amechora tuta-mavi mmoja, yule mdudu wa kubiringisha mavi, kwenye karatasi kubwa kama meza, na miguu yake ina meno kama msumeno. Nilipomwinua kumtundika nilitaka kumwachilia, nikidhani atanishika. Kuna mama mkulima wa Dundori aliyechora mmea mmoja wa viazi, lakini nusu nzima ya picha iko chini ya ardhi: mizizi, viazi vidogo kama shanga, minyoo, na fuko akija kutoka pembeni kwenye giza lake. Mimi nimechimba viazi tangu utotoni. Sikuwahi kufikiri kwamba huko chini kuna watu wengine wanaoendelea na maisha yao. Kuna pia mwewe wa Kikopey, kule kwa wachoma nyama wa barabarani, akinyakua nyama kwenye sinia, kucha zimefunguka, na mkono wa mteja uko palepale, umechelewa.

Nilikuwa ninatundika picha na kusahau kushuka ngazi.

Lakini ile kubwa ilikuwa ya Mwalimu Njoki. Ni mwalimu mstaafu, mwembamba, na akikutazama unajikuta umevua kofia. Ziwa Nakuru lilipopanda miaka hii, likavuka ua wa mbuga na kuingia mtaani, yeye na majirani zake walihama na vitanda vichwani. Nyumba zilibaki majini. Mwalimu alirudi ukingoni akakaa, akazichora kwenye plaiwudi tatu zilizofungwa pamoja kwa skrubu, moja juu ya nyingine, zikawa ndefu kunishinda. Juu mbingu, katikati miti iliyokufa imejaa ndege, chini mapaa ya majirani yakichungulia majini. Na hakutumia rangi ya dukani. Alitumia udongo: mwekundu wa machimbo, mweupe wa Gilgil, majivu meusi ya volkeno ya Menengai. Anausaga, anauchekecha kwa kitambaa, anauchanganya na gundi ya mgunga.

Udongo huu ninaoupakia kwenye lori kila wiki. Huo huo. Nilinusa ile picha ili nihakikishe.

Wale majirani walikuwa wamealikwa. Wametawanyika sasa, wengine Rongai, wengine vyumba vya kukodi huku na huku, na wengi hawajarudi kuona. Leo ndiyo siku waliyoambiwa waje waone mapaa yao.

Sasa niseme nilichofanya.

Alhamisi jioni nilibaki kufagia peke yangu. Nikaona ile plaiwudi ya chini, ile ya mapaa, ina nyufa ndogondogo, nyembamba kama nywele. Mtu yeyote wa mjengo anajua maana yake. Plasta ikikauka haraka hupasuka, na fundi atakutukana mpaka ukoo wako usipoinywesha maji. Sikujiuliza mara mbili. Nilichukua ndoo na brashi ya chokaa, nikainyunyizia vizuri, kwa upendo hata, kisha nikafunga mlango nikaenda nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Ijumaa asubuhi mapaa yalikuwa sakafuni.

Kulikuwa na dimbwi jekundu chini ya picha, na pale palipokuwa na mtaa mzima palikuwa na michirizi.

Mwalimu alisimama mbele yake bila kuweka chini mkoba. "Nani amemwagia hii kitu maji?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inapasuka. Nikaonelea niinyweshe."

Bwana Jasbir aliangalia ndoo, akaangalia picha, akashika ndevu zake, akaniambia, "Barasa. Hii si slabu, bwana."

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Kisha Jasbir akatoa simu. Alikuwa amepiga picha kazi yote mwezi uliopita, kila kitu kilionekana. "Mwalimu, chora kutoka hapa. Kufikia jioni umemaliza, hakuna mtu atajua."

"Simu haijawahi kukaa pale," Mwalimu akasema. "Fungua skrubu. Tunaenda."

Hapo ndipo nilipoelewa desturi yao. Kikundi hiki hakichori kitu ambacho mchoraji hajakaa mbele yake. Si kutoka kwa simu, si kutoka kwa kichwa. Na kabla ya kugusa penseli, unakaa kwanza mikono mitupu, unaangalia, mpaka aliyeongoza aseme basi. Ukikosa kwenda, hutundiki. Bwana Jasbir alilala kifudifudi kwenye mavi ya ng'ombe kwa ajili ya yule mdudu wake. Aliniambia mwenyewe, kwa fahari.

Kwa hivyo nikafungua plaiwudi ya chini, tukaipakia kwenye pikapu ya gereji pamoja na mikebe ya udongo, tukashuka mpaka pale lami inapoingia majini.

Nimeishi Nakuru miaka na sikuwa nimefika ziwani. Siku ya kazi niko kazini, siku ya kupumzika ninafua na kulala. Ziwa kwangu lilikuwa ile rangi inayoonekana ukiwa juu ya jengo.

Nguzo za ua zilikuwa zinaingia majini moja baada ya nyingine, kila moja fupi kuliko ya nyuma yake, mpaka ya mwisho ikawa nukta. Nyuma yake miti iliyokufa, myeupe kwa mavi ya ndege, na kwenye kila tawi ndege weusi. Mwalimu anawaita mnandi. Nilidhani ni majani.

"Kaa," akaniambia. "Wewe pia. Na usisogee majini, kuna kiboko."

Nikakaa. Niseme ukweli, iliniuma. Kwetu kwenye mjengo ukionekana umekaa mikono mitupu, kesho usije. Mikono yangu ilikuwa inatafuta kitu. Niling'oa nyasi, Mwalimu akaniangalia, nikaacha.

Mwanzoni niliona mabati na ndege. Basi.

Halafu, sijui baada ya muda gani, nikaanza kuona. Ndege wote waliokuwa juu ya mapaa walielekeza midomo upande mmoja, kule upepo unakotoka. Mmoja alikuwa amefungua mabawa na kuyaacha hivyo, kama fulana kwenye kamba. Mwari, wale ndege wa mdomo wa mfuko, walipita chini juu ya maji, wakubwa, bila kupiga bawa, kama lori zilizobeba mzigo zikiteremka mlima na injini imezimwa. Maji yenyewe hayakuwa na rangi moja. Karibu nasi yalikuwa ya chai, mbele yakawa ya kijani, na mbali kabisa sina neno.

Kisha ndege mdogo mweusi na mweupe akaja akasimama hewani.

Sijakosea neno. Alisimama. Mabawa yanatetemeka, kichwa hakitikisiki, hapo hapo juu ya maji matupu, kama mtu aliyefika mlangoni na kukumbuka kitu. Nilishikilia pumzi. Nimepanda majengo marefu, nimeona winchi zikiinua chuma, lakini sijaona kitu kimetulia hivyo bila kushikwa na chochote.

"Mdiria," Mwalimu akasema. "Hapo alipo ndipo palikuwa na paa la Mama Akinyi, jirani yangu."

Maji yalikuwa yamepanda tena.

Mwalimu alipochora mara ya kwanza, paa hilo lilikuwa bado linaonekana, kipande cha juu tu, na ndilo nililoosha Alhamisi pamoja na mengine. Mengine yalikuwa bado pale, angeweza kuyachora upya. Hilo halikuwepo tena.

Bwana Jasbir akasema kwa upole, "Lilikuwepo. Ulikaa hapa, uliliona. Lichore tu, Mwalimu. Mama wa watu anakuja kesho."

Mwalimu alikaa mikono mitupu muda mrefu kuliko sisi wote. Mimi nilitamani ziwa linimeze. Mwishowe akasema, "Nikichora yaliyokuwepo, basi nichore na mandazi yake jikoni na mlango wake wa kijani. Tuanze."

Nikamwambia, "Mwalimu, nisamehe."

"Bado. Chekecha udongo."

Nikachekecha. Nilichekecha mpaka ukawa kama unga wa wimbi, nikasaga majivu, nikayeyusha gundi. Yeye akachora akiwa amepiga magoti, brashi moja mdomoni, na mapaa yakaanza kutoka kwenye ubao kana kwamba maji yanashuka. Huwa ninapaka udongo ukutani ufunike. Yeye alikuwa anaupaka na vitu vinafunuka. Sijui kusema vizuri zaidi ya hapo.

Paa la Mama Akinyi hakulichora. Alichora maji, na juu yake mdiria.

Tulipokuwa tunaondoka wingu likatufuata. Ubao ulikuwa mbichi, haungeweza kusimamishwa wala kuguswa, na tone moja la mvua lingeacha shimo. Nikapanda nyuma na turubai. Nikasimama miguu huku na huku ya ubao bila kuukanyaga, nikainua turubai kwa mikono miwili kama mwavuli, na pikapu ikaenda polepole mjini mvua ikinipiga. Mabega yangu yakawaka moto. Watu wa bodaboda wakanipigia kelele, "Boss, unaenda kuoa?" Sikushusha mikono. Sijawahi kubeba kitu kwa uangalifu hivyo, hata mtoto wangu.

Halikuingia tone.

Leo asubuhi nilikifunga kipande mahali pake, na watu wakaanza kuingia. Godauni lilijaa. Mzee mmoja kutoka Rongai alitafuta paa lake, akalipata kwa sababu ya bati moja jipya alilokuwa amepachika mwenyewe. Juu yake Mwalimu alikuwa amechora mnandi.

"Na huyu ni nani amekaa kwangu?"

"Mpangaji," Mwalimu akamwambia.

"Hajalipa hata mwezi mmoja," mzee akasema, na watu wakacheka, naye akapangusa macho kwa ukingo wa koti.

Kisha akaja Mama Akinyi, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha manjano. Nilimjua kwa namna alivyotafuta. Alianza kushoto akaenda kulia, akarudi. Akainama. Mwalimu alikuwa upande ule mwingine amezungukwa na watu. Nilijua ni mimi wa kwenda.

"Mathe, paa lako lilikuwa hapa. Mimi nimeliosha. Nilimwagia picha maji bila kujua."

Akanitazama kutoka viatu mpaka kichwa. "Wewe ndiye umeosha. Na Mwalimu hangeweza kulichora tena?"

Mwalimu alikuwa amefika. Akasema, "Si yeye, Mama Akinyi. Nilienda jana. Halionekani tena."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Yule mama aliangalia pale kwenye maji, akaona mdiria, akasogea mpaka nikaogopa pumzi yake italowesha udongo.

"Huyu anaangalia nini?"

"Samaki, mathe," nikasema. "Jana alisimama hapo hapo. Nilimwona na macho yangu."

"Jikoni kwangu?"

"Juu yake kabisa."

Akakaa kwenye benchi mbele ya picha, mkoba magotini. Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari. Akasema, si kwangu hasa, "Nilikuwa nafikiria kuwatuma vijana wakang'oe mabati kiangazi kikija." Akatikisa kichwa. Akaendelea kukaa. Watu walipita, wakabadilishana, yeye hakuinuka mpaka tulipoanza kufunga.

Akiondoka alinipa mkono.

Sasa niko kitandani na ninajiuliza. Ningeiacha ile plaiwudi ipasuke, leo Mama Akinyi angeona paa lake, afurahi, arudi kwake akiamini bado liko. Nilimwibia hilo? Au ni mimi na ndoo yangu tuliomfikishia habari? Nimegeuza hili upande huu na ule, na sijapata jibu. Najua tu kwamba yule ndege alikuwepo, na kwamba nisingemwona bila ile ndoo.

Kesho kikundi kinatoka alfajiri kwenda ukingo wa Menengai. Mwalimu hakunialika. Hajasema pia kwamba amenisamehe. Aliniambia tu pikapu itapitia wapi na saa ngapi, kisha akazima taa.

Nimetega kengele ya simu.